Daftari la majina ya mijusi: tathmini ya The Reptile Database kwa msomaji wa Afrika Mashariki

Huduma ninayoitathmini hapa haiuzwi, na mtu hahitaji kujisajili wala kuacha namba ya simu ili aitumie. The Reptile Database ni hifadhidata ya mtandaoni inayoorodhesha kila spishi ya reptilia aliye hai ambayo wanasayansi wameieleza na kuipa jina: mijusi, nyoka, kobe na kasa, mamba, na hata tuatara wa New Zealand ambaye hana ndugu wa karibu aliyebaki duniani. Ilianzishwa mwaka 1995 na Peter Uetz, mjini Heidelberg nchini Ujerumani, na leo ina spishi zaidi ya 12,000, ambazo zaidi ya nusu ni mijusi. Hukumu yangu niitoe mapema: sijapata chombo kingine kinachomwonyesha msomaji wa kawaida, bila malipo, jinsi jina la mjusi lilivyozaliwa, nani alilitoa, kwa mnyama gani na kutoka msitu gani. Kasoro zake zipo, nami nitazieleza, lakini nyingine si zake peke yake; ni kasoro za kazi nzima ya kutoa majina.

Nafundisha baiolojia katika shule ya sekondari wilayani Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, na wanafunzi wangu hawakosi kuniletea habari za mjusi waliyemwona njiani, wakati mwingine pamoja na mjusi mwenyewe ndani ya kopo. Swali lao huwa moja: "Mwalimu, huyu anaitwaje?" Kiswahili kinanisaidia hadi mahali fulani. Kenge ni kenge na guruguru ni guruguru. Yule wa ukutani ni mjusi kafiri, ambaye wazee wa pwani husimulia kwamba aliupuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahimu. Na kinyonga, ambaye wengine humwita lumbwi, hakuna asiyemjua. Baada ya hapo lugha yetu inanyamaza, kwa sababu jina "kinyonga" linabeba wanyama wengi ambao hawazaliani wala hawaishi mlima mmoja. Hapo ndipo nilipoanza kuitumia hifadhidata hii.

Mtumiaji mpya ni vyema aanze na mnyama anayemfahamu. Mimi nilianza na kinyonga wa pembe mbili wa huku kwetu, yule ambaye dume lake lina pembe mbili bapa zinazochomoza mbele ya pua. Watembeza wageni wa zamani walinifundisha kumwita fischeri, na jina hilo ndilo nililoliandika ubaoni kwa miaka kadhaa. Ukilitafuta katika hifadhidata utaona kwamba Kinyongia fischeri ni kinyonga wa Milima ya Nguru, mkoani Morogoro. Huku Usambara Mashariki wapo wawili, Kinyongia matschiei na Kinyongia vosseleri, na kule Usambara Magharibi yupo Kinyongia multituberculata. Kilichotokea kinasomeka katika sehemu inayoorodhesha majina yote ambayo spishi imewahi kuitwa, mstari kwa mstari, kila jina na mwaka wake. Wataalamu kutoka Austria na Ujerumani waliwaeleza vinyonga hawa zamani: matschiei alipewa jina na Werner mwaka 1895, vosseleri na multituberculata walipewa na Nieden mwaka 1913. Baadaye wataalamu wengine waliamua kwamba tofauti zao ni ndogo mno, wakawarundika chini ya fischeri, na majina yale yakalala hadi mwaka 2008, Jean Mariaux, Nicolà Lutzmann na Jan Stipala walipowachunguza upya na kuyaamsha.

Sehemu hiyo ya majina ya zamani ndiyo ninayoipenda kuliko zote, ingawa kwa mgeni inaonekana kama orodha ya mahudhurio. Magazeti yanapotangaza "spishi mpya", msomaji hudhani kwamba mnyama hajawahi kuonekana na jicho la mwanasayansi. Mara nyingi alionekana, akatiwa kwenye chupa ya spiriti, akasafirishwa hadi Berlin au London, akaitwa jina la jirani yake na kusahauliwa rafuni. Kazi ya kueleza spishi mpya kwa sehemu kubwa ni kazi ya makarani: kuhesabu magamba, kupima urefu kutoka ncha ya pua hadi tundu la haja, kulinganisha pembe, kuchunguza viungo vya uzazi vya dume, ambavyo kwa vinyonga hutofautisha spishi kuliko rangi ya ngozi, kusoma vinasaba, kisha kuhakikisha kwamba hakuna mtu aliyekwisha kulitoa jina lingine kwa mnyama yuleyule miaka mia moja iliyopita. Anayepuuza hatua hiyo ya mwisho hupoteza jina lake, kwa kuwa kanuni ya msingi ni kwamba jina la kwanza lililochapishwa kwa utaratibu ndilo linaloshinda.

Kuna alama moja ndogo ambayo hifadhidata inaitumia bila kuieleza kwa mgeni, nami naieleza hapa kwa sababu ilinichukua muda kuielewa. Baada ya jina la spishi huandikwa jina la aliyeieleza na mwaka. Likiwa ndani ya mabano, kama ilivyo kwa Werner na matschiei, maana yake ni kwamba spishi ilianza maisha katika jenasi nyingine, yaani kundi jingine la spishi zenye undugu wa karibu, ambalo jina lake hutangulia lile la spishi, kisha ikahamishwa. Likiwa halina mabano, spishi ingali katika jenasi ileile iliyopewa siku ya kwanza. Mabano hayo tu yanatosha kukuambia kama mnyama amewahi kuhamishwa nyumba.

Vinyonga wetu walihamishwa wote kwa pamoja. Hadi mwaka 2006 walikuwa katika Bradypodion, jenasi ya vinyonga wa kusini mwa Afrika. Mwaka huo Colin Tilbury, Krystal Tolley na William Branch walionyesha kwamba wale wa Afrika Mashariki ni ukoo tofauti, wakaunda jenasi mpya na kuipa jina Kinyongia, kutokana na neno letu la Kiswahili. Katika makala hiyohiyo kinyonga wa Malawi alipewa jenasi Nadzikambia, kutokana na jina lake kwa Kichewa. Furaha yangu ya kuona neno la nyumbani katika orodha ya dunia nzima ilichanganyika na kicheko kidogo nilipofuata mistari ya chini. Jenasi ya zamani, kwa sarufi ya Kilatini, haikuwa ya kike wala ya kiume, na Kinyongia ni ya kike, kwa hiyo miisho ya majina kadhaa ya spishi ilipaswa kubadilika ili ipatane nayo, na mwaka 2007 waandishi walewale wakachapisha masahihisho. Kinyonga wa Taveta aliyekuwa tavetanum akawa tavetana. Sisi tuliolelewa na ngeli za Kiswahili hatuna sababu ya kushangaa. Anayesema "kitabu kizuri" na "nyumba nzuri" anajua vizuri kwamba jina likibadilika, kivumishi hufuata.

Sehemu ya asili ya jina nayo inastahili kusomwa pole pole. Hapo utajifunza kwamba Kinyongia msuyae, aliyeelezwa mwaka 2015 na Michele Menegon na wenzake kutoka nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, amepewa jina la Charles Msuya, mmoja wa Watanzania waliotangulia katika utafiti wa reptilia na amfibia. Mwanafunzi wangu mmoja alidhani Msuya huyo ni mwanamke, kwa kuwa alikwisha kusoma kwamba mwisho wa -ae ni wa kike. Hapana: jina la ukoo linaloishia na a linaweza kufuata mkondo huo hata mwenyewe akiwa mwanamume. Kinyongia asheorum wa Mlima Nyiro, kaskazini mwa Kenya, aliyeelezwa mwaka 2009, ana mwisho wa -orum kwa sababu jina lake linawaheshimu watu wawili kwa pamoja, James na Sanda Ashe, waliojulikana kwa kazi yao ya nyoka kule Watamu. Ukizipanga spishi za jenasi hii kwa miaka, Fischer, Matschie, Vosseler, Uthmöller, kisha ghafla Msuya, unasoma historia ya nani alikuwa na bunduki, nani alikuwa na darubini, na nani alikuwa akibeba mizigo. Hifadhidata haisemi maneno hayo, lakini miaka inayasema.

Mwaka 2022 Menegon na wenzake walieleza spishi sita za vinyonga wadogo wa ardhini, wa jenasi Rhampholeon, kutoka Milima ya Tao la Mashariki, na majina yao ni somo jingine. Mmoja, rubeho, ana jina la mlima. Mwingine, waynelotteri, anamkumbuka Wayne Lotter, mpiganaji wa vita dhidi ya ujangili wa tembo aliyeuawa Dar es Salaam mwezi Agosti 2017. Wa tatu, sabini, anamheshimu Andrew Sabin, mfadhili wa uhifadhi kutoka Marekani, na wa nne, princeeai, anamtaja msanii wa Marekani anayejiita Prince Ea. Sina ugomvi na wafadhili, kwani utafiti wa milimani unahitaji mafuta ya gari, posho na kemikali za maabara, na anayetoa fedha hizo mara nyingi si jirani yetu. Hata hivyo napenda zaidi jina la mlima, kwa kuwa mtoto wa Kilosa akilisikia anajua pa kwenda.

Na hapo nifike kwa kinyonga ambaye jina lake naliona kuwa bora kuliko yote. Andrew Marshall, wa Chuo Kikuu cha York, alikuwa akihesabu nyani na kima katika msitu wa Magombera, bonde la Kilombero, alipomshtua nyoka aliyekuwa akila. Nyoka alimtema mlo wake na kutoweka, na mlo ule ukawa ni kinyonga ambaye Marshall hakumtambua. Picha zikatumwa kwa Menegon, vielelezo vingine vikatafutwa katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyo jirani, na mwaka 2009 spishi ikachapishwa kwa jina la Kinyongia magomberae, yaani wa Magombera. Msitu wenyewe ulikuwa mdogo, umezungukwa na mashamba ya miwa, na kwa miaka mingi ulinyemelewa na majembe. Baadaye ukapata hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia. Siwezi kudai kwamba kinyonga mmoja ndiye aliyeuokoa, kwani wapo waliouhangaikia kwa miaka mingi, lakini ni vigumu kuukata msitu kimyakimya ikiwa jina lake limo ndani ya jina la mnyama.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni kwamba kisa hicho cha nyoka hukikuti kwenye ukurasa wa spishi. Utakuta mwaka, waandishi, mahali, vielelezo na orodha ya makala, basi. Hifadhidata ni daftari, haikuundwa kusimulia, na mwalimu anayetaka kuwachangamsha wanafunzi atalazimika kuifuata makala yenyewe, ambayo wakati mwingine imefungwa nyuma ya malipo ya jarida.

Ya pili ni lugha. Ukurasa wote ni Kiingereza kilichokatwakatwa, chenye vifupisho vya majumba ya makumbusho ambavyo mgeni hawezi kuvikisia. Sehemu ya vielelezo, kwa mfano, inataja holotaipu, yaani yule mnyama mmoja aliyehifadhiwa ambaye jina limefungwa kwake kama kamba kwenye kigingi. Ubishi wowote wa baadaye kuhusu jina hilo huamuliwa kwa kumrudia yeye. Kila holotaipu ina herufi za makumbusho na namba. Mtu akishazizoea herufi hizo anaanza kuona jambo zito, kwamba ili kumchunguza mjusi wa Usambara aliyeelezwa enzi za ukoloni, Mtanzania atapanda ndege kwenda Ulaya au Marekani. Natamani kila ukurasa ungeandika jina la makumbusho kwa ukamilifu pamoja na mji wake, ili jambo hilo lionekane hata kwa asiyejua vifupisho.

Ya tatu ndiyo inayoninyima raha, na inahusu mstari unaotaja mahali hasa ambapo holotaipu ilipatikana. Kwa mtafiti mstari huo ni wa lazima. Kwa mfanyabiashara wa wanyama ni ramani. Mfano uliopo nyumbani kwetu ni mjusi kafiri mdogo wa buluu, Lygodactylus williamsi. Arthur Loveridge alimweleza mwaka 1952 katika makala fupi ambayo kichwa chake chenyewe kinamwita wa buluu ya kushtusha, na mahali pakatajwa: msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru. Dume lake lina buluu inayong'aa kiasi kwamba ukiiona kwenye picha unadhani imeongezwa, na jike ni la kijani au hudhurungi. Anaishi juu ya mikadi ya msituni, na Kimboza ni msitu mdogo ambao mtu mwenye miguu mizima anaweza kuuvuka kabla jua halijawa kali. Soko la wanyama wa kufugwa majumbani Ulaya lilipompenda, wakamataji wakaingia na mapanga na kukata mikadi ili kumfikia, hivyo wakachukua mjusi pamoja na nyumba yake. Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016, na katika mwaka huohuo mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Johannesburg ulimwingiza mjusi huyu katika Kiambatisho cha Kwanza, kinachozuia biashara ya kimataifa ya wanyama waliotolewa porini.

Haya hayakuanzia Kimboza wala hayataishia hapo. Mjusi wa mapangoni wa China, Goniurosaurus luii, alielezwa mwaka 1999, na wakusanyaji walifuata maelezo yaleyale ya kisayansi hadi mahali alipopatikana na kummaliza pale. Mwaka 2006 wanasayansi waliandika katika jarida la Science wakionya kwamba maelezo yao yanaweza kuwa hatari kwa wanyama wanaowaeleza. Tangu hapo baadhi ya watafiti huficha mahali hasa na kutaja mkoa tu. Hifadhidata hairudishi nyuma kilichokwisha kuchapishwa, na sidhani kama ni haki kuidai ifanye hivyo, lakini kwa spishi zinazowindwa ingeweza kuufupisha mstari ule bila kumnyima mtafiti wa kweli chochote, kwa kuwa yeye ana makala mkononi.

Kwa upande wa matumizi ya kila siku, huduma inafaa mazingira yetu. Kurasa ni za maandishi zaidi, kwa hiyo hazili bando, na nimezifungua kwa simu ya kawaida nikiwa darasani. Utafutaji wa kina unakuruhusu kuchanganya nchi, mwaka, jenasi na jina la aliyeieleza spishi. Orodha nzima ya spishi inaweza kupakuliwa, nami huiweka kwenye kompyuta ya shule ili umeme na mtandao vikikatika somo lisikatike. Mabadiliko huingizwa mara kadhaa kwa mwaka, jambo ambalo ni muhimu kwa kazi inayobadilika hivi: Brookesia nana wa Madagaska, kinyonga ambaye mwili wa dume lake, mkia ukitolewa, una milimita 13.5 tu, alielezwa mwaka 2021 kutokana na wanyama wawili, dume mmoja na jike mmoja, na nani ajuaye kama kesho jina lake litabaki hivyo.

Asiyefaa kuitumia ni yule anayetaka kutambua mjusi kwa picha. Picha zipo, lakini huduma hii haikuulizi mnyama wako ana rangi gani wala ana vidole vingapi. Inakutaka uje na jina au angalau nchi. Kwa kazi ya kutambua, tafuta kwanza mwongozo wa mkononi au mtu wa msituni anayejua, kisha rudi hapa na jina alilokupa ulihakiki.

Kuna sehemu ya majina ya kawaida katika lugha mbalimbali, na ndiyo ninayowapeleka wanafunzi wangu mwisho wa kipindi. Katika kurasa nyingi za mijusi wa Tanzania tulizozifungua, Kiingereza na Kijerumani vipo na Kiswahili hakipo, hata pale ambapo jina la jenasi lenyewe limetokana na Kiswahili. Muhula uliopita niliwaagiza wawaulize mabibi na mababu zao majina ya kila mjusi wanayemjua, kwa Kiswahili, Kisambaa na Kibondei, pamoja na mahali anapoonekana. Madaftari yamejaa, na majina mengine sikuwahi kuyasikia. Tunayapanga kwa spishi, tukitumia hifadhidata hii kuhakiki upande wa Kilatini, na tukimaliza tutaituma orodha kwa waendeshaji wake, ambao hupokea masahihisho na nyongeza kutoka kwa watumiaji.